Kupeleka jeni ndani ya seli bila virusi: maswali ya wazazi wa Lubumbashi

Hapa Lubumbashi, wazazi wenye watoto wa SS, yaani wagonjwa wa selimundu au drepanositozi, husikia kwamba ugonjwa huo sasa unatibiwa kwa kurekebisha jeni, na wengi huuliza kama ni lazima mtoto aingiziwe virusi. Majibu haya yanahusu zaidi njia moja isiyotumia virusi, yaani polima (molekuli ndefu za vipande vinavyojirudia) zinazotengenezwa maabara.

Kwa nini virusi vilitangulia?

Kirusi huishi kwa kuingiza jeni zake katika seli za kiumbe kingine, kwa hiyo watafiti walikiondolea jeni za kuzaliana na kukipa jeni ya tiba. Hata hivyo, kinga ya mwili hukitambua. Mwaka 1999, kijana wa Marekani mwenye umri wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alifariki katika jaribio la Chuo Kikuu cha Pennsylvania baada ya kinga yake kulipuka dhidi ya adenovirusi iliyobeba jeni. Virusi vya AAV, aina nyingine ya virusi vidogo vinavyotumika sana leo kubeba jeni, hubeba herufi za DNA zipatazo 4,700 tu, na mgonjwa akishatengeneza kingamwili dhidi yake ni vigumu kumpa dozi ya pili.

Polima huibebaje jeni?

DNA ina chaji hasi ya umeme, na polima hizi zina chaji chanya. Inayojulikana zaidi ni polietilenimini, ambayo kundi la Jean-Paul Behr wa Strasbourg, Ufaransa, liliitangaza kwa kazi hii mwaka 1995. Mtafiti huchanganya vimiminika viwili visivyo na rangi, husubiri kama robo saa bila kupasha moto chochote, na uzi mrefu wa DNA hujikunja pamoja na polima kuwa chembe za nanomita 100 hivi, ndogo mno kuonekana kwa macho. Ili kujua kama jeni imefika, mara nyingi hutumia kwanza jeni ya yavuyavu wa baharini: kesho yake, seli zilizoipokea hung'aa kijani chini ya hadubini.

Je, ikishaingia kwenye seli, kazi imekwisha?

Hapana, na hapa ndipo jeni nyingi hupotea. Seli huimeza chembe katika kifuko ambacho huzidi kuwa na asidi, kisha huishia penye vimeng'enya vya kusaga. Ni kama lori lililovuka mpaka wa Kasumbalesa likazuiliwa parkingi: limeingia nchini, lakini mzigo haujafika mjini. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba polietilenimini hunyonya asidi hiyo, chumvi na maji yakaingia kwa wingi, na kifuko kikapasuka. Wanasayansi bado wanabishana juu ya maelezo hayo. DNA iliyotoka bado inapaswa kuingia katika kiini cha seli, na mara nyingi hufaulu pale tu seli inapogawanyika na utando wa kiini kufunguka, ndiyo maana seli zisizogawanyika ni ngumu kutibiwa hivi.

Polima ni salama kuliko virusi?

Si lazima. Chaji ileile inayoshika DNA hushika pia utando wa seli na kuutoboa, na polima ndefu, ambazo hufikisha jeni vizuri zaidi, ndizo pia huua seli zaidi. Katika damu, chembe hizi hugandamana na protini na kunaswa kwenye mapafu. Mwaka 2000, David Lynn na Robert Langer wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walieleza polima zinazovunjika zenyewe ndani ya maji, na mimi naona huo ndio mwelekeo wenye matumaini. Cha kuchekesha kidogo ni kwamba viwanda hutumia polietilenimini kila siku kutengeneza virusi vya AAV vilevile.

Je, mtoto wangu wa SS anaweza kutibiwa kwa polima?

Kwa sasa hapana. Casgevy, tiba iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, kweli haitumii virusi, lakini seli za shina za mgonjwa, yaani zinazozaa seli za damu, hufunguliwa kwa umeme nje ya mwili ili vifaa vya kurekebisha jeni viingie, na kurudishwa baada ya dawa kali za kusafisha uboho. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Anayemuuzia mzazi sindano ya polima ya kuponya SS anamdanganya. Kinachomsaidia mtoto leo ni dawa ya hidroksiurea inayosimamiwa na daktari kwa vipimo vya damu, chanjo zote pamoja na ya pneumokoki (bakteria wa nimonia), chandarua, na kupelekwa hospitali siku ileile anapopata homa.