Hitler hakubuni barabara za kasi za Ujerumani

Wengi bado husema barabara kuu za kasi za Ujerumani ni wazo la Hitler. Sivyo. Ile ya Cologne hadi Bonn, takribani kilomita 20, ilifunguliwa Agosti 6, 1932, miezi kadhaa kabla hajashika madaraka. Aliyeifungua ni meya wa Cologne, Konrad Adenauer, ambaye baadaye alikuwa chansela. Leo inaitwa A555. Italia nayo ilikuwa imetangulia, kati ya Milan na Varese, mwaka 1924.

Wanazi waliishusha hadhi barabara ya Adenauer, kisha mwaka 1933 Hitler akapigwa picha akishika koleo kuzindua ujenzi wa barabara ya kasi huko Frankfurt. Picha ikashinda kumbukumbu. Hata mradi huo ulirithi michoro ya jumuiya iliyoundwa 1926 kupanga barabara ya kuunganisha Hamburg, Frankfurt na Basel.