Je, wajua kwa nini pete ya ndoa haifuliwi kwa dhahabu tupu?

Ukichungulia upande wa ndani wa pete ya ndoa utakuta muhuri mdogo: 375, 585 au 750. Ni hesabu ya dhahabu iliyomo katika kila sehemu 1,000. Yenye 750 ni karati 18, 585 ni karati 14, 375 ni karati 9. Dhahabu tupu ni karati 24, na hiyo ndiyo ambayo sonara hakuwekei kwenye kabati la pete mpaka uiombe.

Mimi niliiomba. Kwa miaka mingi niliamini kwamba shaba inayotiwa kwenye dhahabu ni uchakachuaji, sawa na maji kwenye maziwa. Mimi na mchumba wangu tulitaka pete zenye maana, na kwangu maana ilikuwa hiyo: dhahabu isiyoguswa na kitu kingine. Niliingia kwa sonara mmoja wa Dar es Salaam nikiwa nimejiandaa kubishana.

Kosa langu lilianzia kwenye lugha yenyewe. Kwa Kiswahili "safi" ni kitu kisichochanganywa, na "safi" hiyohiyo ni kitu kizuri. Ukisema dhahabu safi, umeshaisifu kabla hujaijaribu. Namba nazo zinatusukuma kulekule, kwa kuwa 24 inaonekana kuipita 18 kama mtoto wa darasa la sita anavyompita wa darasa la nne. Lakini karati haipimi ubora wa pete. Inataja sehemu ngapi kati ya 24 ni dhahabu, basi. Neno lenyewe lilipitia Kiarabu, nacho kililitoa kwenye jina la Kigiriki la mbegu ya mti wa Mediterania iliyotumiwa kama kipimo cha uzito. Sarafu ya dhahabu ya mfalme Konstantino wa Roma ilihesabiwa kuwa na uzito wa mbegu 24, na wengi wanaona hapo ndipo ilipotoka 24 yetu.

Uchakachuaji wa kweli upo, na ni wa kuuziwa karati 14 kwa bei ya 18. Huo ni wizi. Lakini anayekuuzia pete ya 750 na kukutajia 750 hajakuibia chochote: unalipia robo tatu ya dhahabu, na robo iliyobaki inafanya kazi ambayo dhahabu peke yake haiiwezi.

Sonara yule, mzee, hakubishana nami. Alifungua droo akatoa kanda mbili nyembamba, zote za njano, upana wa ukucha wa kidole kidogo. Akamkabidhi mchumba wangu. "Kunja, mwanangu." Wa kwanza ulijikunja kwa vidole viwili tu, kimya, ukabaki hivyo hivyo. Wa pili aliubana mpaka ncha za vidole vikageuka vyeupe, ukalegea kidogo, alipouachia ukarudi. Wa kwanza ulikuwa dhahabu tupu, wa pili karati 18. "Sasa vaa ule wa kwanza," mzee akasema, "ubebe ndoo ya maji." Mkono wa ndoo ni waya, unaikandamiza pete kwenye mfupa kila hatua. Haitachukua muda itakuwa na umbo la yai.

Kwa nini robo ya shaba na fedha ilete tofauti yote hiyo?

Atomu za dhahabu zimepangana tabaka juu ya tabaka, kama machungwa ya muuzaji sokoni. Ukiikunja dhahabu, tabaka linateleza juu ya jirani yake. Ila haliteleze lote kwa mpigo. Fikiria jamvi kubwa lililotandikwa ukumbi mzima. Ukilishika ncha na kulivuta, halisogei. Lakini ukilitia kijikunjo upande mmoja, kisha ukakisukuma kwa mguu mpaka upande wa pili, jamvi zima limehama kwa upana wa kijikunjo, na jasho halijakutoka. Ndani ya metali vijikunjo vya namna hiyo vipo tayari, vingi mno, kila mahali ambapo mstari wa atomu umekatikia njiani. Katika dhahabu tupu vinapita bila kizuizi kikubwa, kwa sababu sakafu ni tambarare: kila atomu ni sawa na mwenzake. Huo ndio ulaini ule wa ukanda wa kwanza, na ndio unaoruhusu gramu moja ya dhahabu kufuliwa mpaka ikawa karatasi ya takriban mita moja ya mraba.

Sasa chimba vishimo kwenye sakafu. Atomu ya shaba ni ndogo kuliko ya dhahabu kwa asilimia 11 hivi. Inapokaa katikati ya atomu za dhahabu, majirani wanaiegemea, na pale panabonyea. Kijikunjo cha jamvi kikifika kwenye shimo kinakwama. Kukitoa kunahitaji nguvu zaidi, na mbele kuna shimo jingine. (Jamvi lisituchukue mbali sana: shaba haikai chini ya dhahabu, inakaa kwenye nafasi zilezile ambazo dhahabu ingekaa.) Kwa kipimo cha ugumu cha Vickers, dhahabu tupu iliyolainishwa kwa moto inapata kama 25, wakati ya njano ya karati 18 inavuka 100.

Kinachonifurahisha zaidi ni fedha. Atomu yake inakaribia kabisa kulingana na ya dhahabu, kwa hiyo haibonyezi sakafu sana, wala haiongezi ugumu kama shaba. Sonara huitia kwa ajili ya rangi: shaba peke yake inaivuta pete kwenye wekundu, fedha inairudisha kwenye njano.

Hata karati 18 inalika. Mwaka 2008 mwanakemia Georg Steinhauser wa Vienna, Austria, alichapisha vipimo vya pete yake mwenyewe ya ndoa, aliyoipima kila wiki kwa mwaka mzima. Pete ya karati 18, gramu 5.6 hivi, ilipungua miligramu 6 na ushei, na likizo ya ufukweni, kwenye mchanga, iliila kuliko kawaida. Kwa kasi hiyo miaka 50 ya ndoa ingeondoka na gramu 0.3. Ni pete moja ya mtu wa maabara, lakini. Anayeshika jembe au tofali ana hesabu yake. Na kulika si kupindika. Jaribio lile lilipima kulika tu.

Bangili za bibi harusi za karati 21 au 22, zinazopendwa Pwani na Ghuba, hazipingani na haya. Bangili hizo ni akiba, zinatoka sandukuni siku ya shughuli na kurudi. Pete inaoga, inafua, inapika. Bwana harusi Mwislamu anayeiacha dhahabu na kuvaa fedha naye atakuta muhuri wa 925, kwa sababu fedha tupu nayo ni laini.

Sisi hatukununua pete ya kabatini. Mchumba wangu alikuwa na bangili ya bibi yake, karati 22, iliyopasuka, uzito gramu 9. Niliogopa kwamba kuiyeyusha na kuitia shaba ni kuipunguza. Mzee akachukua penseli, akaandika nyuma ya bahasha: 9 mara 22 ni 198, 11 mara 18 ni 198. Maana yake, unaongeza gramu 2 za shaba na fedha, unapata gramu 11 za karati 18, na dhahabu ya bibi imo ileile, gramu 8.25. Kinachopotea ni vumbi la tupa, nalo alilikusanya kwa brashi kwenye ngozi aliyoitandika chini ya meza.

Pete mbili zilitoka na muhuri wa 750 upande wa ndani. Kando yake tuliomba achonge mwaka ambao bibi alivalishwa bangili ile: 1961.