Kope zinazoshuka jioni

Mgonjwa wa mayasthenia, ugonjwa wa misuli kuchoka upesi, akifika kliniki asubuhi, huenda usione kitu. Kope ziko juu, mkono una nguvu. Mtazame jioni: jicho moja limefumba nusu, anaona vitu viwili viwili, taya linachoka katikati ya mlo, na akiongea sana sauti inatokea puani. Akipumzika, nguvu zinarudi. Wengi huambiwa ni wavivu au wamerogwa, na wengine hutibiwa kiharusi, ingawa kiharusi hakina tabia ya kuja kila jioni na kuondoka asubuhi.

Neva haigusani na msuli. Kati yao kuna mwanya mwembamba mno, na amri ya ubongo huuvuka kwa kemikali iitwayo asetilikolini, inayodakwa na vipokezi vilivyo juu ya msuli. Kwa wagonjwa wengi, kinga ya mwili hutengeneza kingamwili zinazoziba na kubomoa vipokezi hivyo. Neva inapotumika mfululizo, kemikali inayotolewa hupungua kidogo kidogo. Mwenye afya hahisi chochote. Aliyebakiwa na vipokezi vichache huishiwa nguvu.

Kipimo kimoja hakihitaji mashine: funga barafu kwenye kitambaa, iweke juu ya kope iliyoshuka kwa dakika 2. Ikinyanyuka waziwazi, mshuku mayasthenia. Kisha apigwe picha ya CT ya kifua, kwani takriban mgonjwa 1 kati ya 10 ana uvimbe kwenye thaimasi, tezi ya kinga iliyo kifuani.

Mwaka 1934, daktari Mary Walker wa Greenwich, London, alimpa mgonjwa wake fizostigimini, iliyokuwa ikitumika dhidi ya kurare, sumu inayopooza misuli, naye akapata nafuu ya muda. Piridostigimini tunayoandika leo hufanya kazi kwa njia hiyohiyo: huchelewesha kuvunjwa kwa asetilikolini. Dawa za kutuliza kinga, kama predinisoloni, huongezwa juu yake.

Ninachosisitiza zaidi kwetu ni hiki: sindano ya kwinini kwa malaria kali, antibiotiki ya jentamisini, au magnesiamu ya kifafa cha mimba inaweza kumdhoofisha mgonjwa huyu ghafla. Ataje ugonjwa wake kabla ya kupewa dawa yoyote, hata dirishani kwa mfamasia. Akianza kupaliwa na mate au kushindwa kupumua akilala chali, apelekwe hospitali yenye mashine ya kupumulia usiku huohuo.