Kisumu: Abiria Walirudi Kabla ya Fedha

Watu wengi huamini uwanja wetu wa ndege ulipona korona siku ndege zilipoanza kujaa tena. Mimi hufanya hesabu za uchukuzi wa anga, na naona tunapima kwa kipimo kisichofaa.

Ada ya kutua hutozwa kwa uzito wa ndege. Ada ya abiria hutozwa kwa kichwa. Chukua ndege aina ya Dash 8-400 ya shirika la Jambojet, yenye viti 78. Ikitua Kisumu na watu 30, ada ya kutua haipungui hata senti, lakini ya abiria imepungua kwa zaidi ya nusu. Mwenye mkahawa na dereva wa teksi nao wanaumia. Wakati huohuo wazimamoto lazima wawe tayari, taa za njia ya kurukia ziwake na mwongoza ndege awe mnarani, kama vile ndege imejaa pomoni. Gharama hizi ndizo zilizoumiza, kwa sababu hazipunguziki.

Safari za ndani ziliruhusiwa tena 15 Julai 2020, zile za kimataifa 1 Agosti. Juni 2021 aina ya korona iitwayo Delta ikatuvamia, na kaunti 13 za ukanda huu, Kisumu ikiwemo, zikawekewa kafyu kuanzia saa moja jioni. Mazishi nayo yakabanwa. Asiyeishi huku huenda asielewe uzito wa jambo hilo: wikendi, safari za kutoka Nairobi hubeba sana watu wanaokwenda matanga.

Mei 2022 mkutano wa Africities ulituletea wageni wengi, nami nilifurahi kweli. Ila mwaka huohuo vita vya Ukraine vilipandisha bei ya mafuta, kisha shilingi ikadorora hadi dola moja ikafika takriban shilingi 160 mapema 2024. Mashirika hukodi ndege na kununua vipuri kwa dola. Abiria wa Kisumu hulipa kwa shilingi. Ndege inaweza kujaa na shirika bado likapata hasara, halafu likapunguza safari.

Kuna na hili: Mamlaka ya Viwanja vya Ndege husimamia viwanja vingi kwa pamoja, na vidogo hutegemea ada za wageni wa uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi. Wageni walipotoweka kule, Kisumu ilikosa pa kuegemea.

Kwa hiyo anayeniuliza kama tumepona, nami humuuliza: kila abiria anaacha shilingi ngapi hapa, mashirika yanadaiwa kiasi gani, na ni matengenezo yapi yaliyoahirishwa tangu 2020 ambayo bado hayajafanywa?