Tumbo Limetanuka? Leta Daftari Kwanza

Tangu mwaka huu uanze, kliniki yetu imepokea malalamiko mengi kutoka kwa watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, yaani mfuko wa tumbo kufanywa mdogo, miaka mitatu, minne iliyopita. Yanafanana hadi maneno: "Dokta, tumbo limetanuka, naomba nipunguzwe tena." Nimeombwa niandike haya kwa sababu simu zimezidi, na kwa sababu wengi wanatufikia wakiwa wameshamaliza fedha kwenye dawa za mitandaoni.

Kurudisha kilo kadhaa baada ya mwaka wa pili ni jambo la kawaida, wala si ushahidi kwamba upasuaji umefeli. Ni kweli mfuko wa tumbo unaweza kulegea kadiri miaka inavyokwenda, na wapo wachache wanaohitaji kurudiwa. Hilo huamuliwa kwa vipimo, siyo kwa suruali kubana. Na kwa mara nyingine: maji ya ndimu na tangawizi hayakazi tumbo. Tumbo si ngoma, kwamba ukilipasha moto litakaza.

Hivi karibuni nilimwomba mama mmoja aandike kila kinachopita mdomoni kwa siku tatu. Akaniletea daftari la shule, mwandiko safi kabisa: asubuhi yai, mchana samaki, mchicha na ugali usiofika nusu kiganja, usiku maharage. Nikamwuliza, na katikati? Katikati hali kitu. Tukakaa, tukaanza upya siku ya kwanza, saa kwa saa. Ikatoka chai ya maziwa ofisini, vikombe vitano. Zikatoka karanga za kwenye droo. Zikatoka bagia za yule dada anayepita saa nne. "Lakini hivyo si chakula, dokta, ni kuchangamsha mdomo tu." Kila kikombe anatia vijiko vitatu vya sukari. Hivyo ni vijiko 15 kwa siku, kama gramu 60, yaani kilokalori 240 kabla sijagusa maziwa na bagia, na hakuna kikombe hata kimoja kilichomshibisha.

Mama huyu hakunidanganya. Aliandika alichokiita chakula. Ndiyo maana nasisitiza daftari, tena la siku ileile, si la kukumbuka usiku wa kuamkia kliniki (yale yaliyoandikwa kwa wino mmoja na kwa mkupuo mmoja tunayatambua).

Tumbo dogo linazuia sahani ya pilau. Haliwezi kuzuia kinywaji. Soda ya mililita 350 ina takriban vijiko tisa vya sukari na inashuka kama maji. Juisi ya miwa na uji uliokolea sukari ni vivyo hivyo. Mwaka wa kwanza hamkuliona hili kwa sababu hamu ya kula ilikuwa imelala. Kwa wengi huamka. Kinachowabeba kuanzia hapo ni mpangilio wa sahani: protini inatangulia, mboga inafuata, wanga kama nafasi imebaki. Lengo tunalowapa wengi ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na si rahisi kuzifikisha kama mnavyodhani. Yai moja lina gramu sita hivi, glasi ya maziwa nane. Mayai mawili na glasi ya maziwa ni gramu 20 tu, na kuna mtu anashinda na hizo mpaka usiku.

Najua nyama ya ng'ombe inakwama. Anayekwamwa mara mbili huiacha, kisha anahamia kwenye maandazi na biskuti kwa sababu "zinapita vizuri". Zinapita, ndiyo, na ndilo tatizo lenyewe. Nyama ikiwasumbua, isageni, au nendeni kwa samaki, dagaa, mtindi usio na sukari, maharage yaliyoiva mpaka yakalainika. Tafuneni polepole. Maji msinywe na chakula; subirini nusu saa, kisha mnywe kidogo kidogo mpaka lita moja na nusu kwa siku.

Kwenye shughuli za watu ni kugumu zaidi, sibishi. Sahani ndogo inaonekana dharau kwa mwenye harusi, na shangazi atauliza mbele ya watu mbona umekonda hivyo, unaumwa nini. Chukueni kipande cha kuku, mle taratibu, kilichobaki kifungwe kiende nyumbani. Hamlazimiki kumweleza mtu upasuaji wenu.

Sasa vidonge. Vitamini na madini baada ya upasuaji huu ni vya maisha. Si vya miezi sita, wala si vya "mpaka nipate nguvu". Chuma na kalisiamu haviendi pamoja: viachanishwe kwa saa mbili, na kalisiamu igawanywe, isizidi miligramu 600 kwa mara moja. Chuma kisimezwe na chai. Wanawake wawili wamekuja kwangu wakiona aibu kusema kwamba wameanza kula udongo, pemba ile ya sokoni, na hawana mimba. Hamu ya udongo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa chuma. Isemeni, hatucheki.

Kipimo cha damu ni kila mwaka hata kama unajisikia mzima. Utaratibu wetu ni huu. Fika kabla ya saa mbili asubuhi, bila kula kwa saa nane. Maji ya kawaida yanaruhusiwa. Pitia dirisha la kadi kwanza, ndipo maabara, ndipo kwangu. Ukianza kwangu utarudishwa, na namba yako ya foleni itakuwa imepita. Njoo na maboksi ya vidonge, siyo maelezo ya "vile vyekundu". Asiyetokea miadi miwili mfululizo bila taarifa, faili lake linahamishiwa kliniki ya jumla na itabidi aanze na rufaa mpya. Sheria hii inalalamikiwa sana. Haitabadilika, kwa sababu nafasi zile zina watu wanaozisubiri.

Maumivu ya mgongo au kichwa yasiwapeleke duka la dawa kununua diklofenaki au ibuprofeni kwa mazoea, hasa waliofanyiwa ule upasuaji wa kuunganisha utumbo upya. Vidonda vya tumbo vinavyotokana na dawa hizo vinaweza kuvuja damu. Pombe nayo inapanda upesi kuliko zamani. Chupa moja siyo ile chupa moja mliyoizoea.

Na anayetapika siku mbili tatu mfululizo asijitibu nyumbani. Akiba ya vitamini B1 mwilini huisha ndani ya wiki chache, na ikiisha mtu huanza kuyumba, kuona viwili viwili, kuchanganyikiwa, na baadhi ya madhara hayo hayarudi nyuma. Nendeni hospitali iliyo karibu, yoyote. Kabla hamjatundikiwa dripu ya sukari, mwambieni anayewapokea kwamba mlipunguzwa tumbo na kwamba vitamini B1 itangulie. Mkija kwetu kwa shida hiyo, hakuna miadi, hakuna dirisha la kadi, na daftari liacheni nyumbani.