Tuzo za haki za jamii: tunavyodhani na ilivyo

Juzi nilikuwa stesheneri moja hapa Ngamiani, Tanga. Binti wa kidato cha sita alikuwa anajaza fomu ya ufadhili wa masomo, na kwenye kisanduku cha kazi alizofanyia jamii akaandika: Hakuna.

Nikamwambia, "Mwanangu, si wewe uliyekwenda shuleni na mama wa yule mtoto mwenye ualbino, mkakaa na mwalimu mpaka mtoto akahamishiwa dawati la mbele?"

"Hiyo nayo ni kazi, mama?"

Ni kazi. Watoto wengi wenye ualbino hawaoni vizuri ubaoni, na kusoma ni haki yao. Kazi kama hiyo ndiyo ya kupendekezwa kwa tuzo za haki za jamii, ila tuna dhana zinazotukwamisha.

Dhana: Kizuri chajiuza. Anayestahili tuzo ataonekana tu.
Tuzo nyingi za namna hii hutolewa kwa kupendekezwa. Lazima mtu akae chini aandike: nani kafanya nini, wapi, kwa muda gani, nani anaweza kushuhudia. Kamati haipiti Makorora wala Chumbageni ikibisha hodi. Na sisi tukishaandika barua tunajaza sifa, "ni mtu wa watu, ana moyo", sifa ambazo hata marehemu yeyote husomewa. Andika dawati. Andika ni watoto wangapi, tangu mwaka gani. Hapa ndipo watu wetu wengi wema wanapopotea, na inaniuma.

Dhana: Haki baina ya watu wa rangi mbalimbali ni habari za Marekani.
Mpaka mwaka 1961 shule za Tanganyika zilitengwa: za Wazungu, za Waasia, za Waafrika. Zikaunganishwa 1962. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu kwa mpigo, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. TANU, chama kilichodai uhuru, ilibishana sana Tabora, Januari 1958, kabla ya kukubali kuingia uchaguzi huo, kisha ikaunga mkono wagombea wa rangi zote tatu. Kazi hiyo imefanyika kwetu.

Dhana: Tuzo zenye jina la Martin Luther King ni za watu weusi.
King alikuwa mchungaji mweusi wa Marekani aliyeongoza harakati za kudai haki sawa. Miji na vyuo vingi vya huko huzitoa Januari, karibu na sikukuu yake, na kinachopimwa ni kazi ya mtu. Harakati zenyewe zilikuwa za wote: James Reeb, mchungaji Mzungu, alipigwa Selma, Alabama, mwezi Machi 1965 akafa. King naye alipopata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1964, fedha zote alizipeleka kwenye harakati.

Dhana: Ufadhili na mkopo ni kitu kimoja.
Mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, unarudishwa. Ufadhili haurudishwi ukitimiza masharti, basi yasome.

Binti alilikata lile "Hakuna" kwa mstari mmoja. Kisanduku hakikutosha, tukaomba karatasi nyingine.