Tairi la misimu yote kati ya Lubumbashi na Durban: linachodumisha na linachopoteza

Matairi mengi ya lori ya okazioni, yaani yaliyokwisha kutumika, yanayoshushwa hapa Lubumbashi kutoka Ulaya na kuuzwa kama ya misimu yote, ya joto na ya baridi, yana mchoro mdogo ubavuni: mlima wa vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Mwuzaji akiugusa mchoro huo kwa kidole, bei inapanda. Dereva naye hufurahi: “Patron, hii iko na alama ya theluji, itashika fasi yote.” Kazi yangu ni kufunga na kukagua matairi ya malori ya shaba, na jambo ninalowarudia wenye malori bila kuchoka ni hili: mchoro ule unaeleza tairi lilivyokuwa siku lilipotoka kiwandani. Uwezo wake wa kushika theluji huisha mapema, wakati tairi lenyewe bado linaonekana zima.

Theluji na Katanga, wapi na wapi? Fuata mzigo. Lori linalobeba shaba kutoka Kolwezi hupita Likasi, hupita hapa kwetu, huvuka mpaka wa Kasumbalesa, hukata Zambia, kisha Zimbabwe au Botswana, na likielekea bandari ya Durban litashuka kutoka Johannesburg kwa barabara ya N3. Huko kuna mteremko wa Van Reenen, kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,600. Mwezi wa Septemba 2024 theluji ilianguka pale hadi barabara ikafungwa, malori na magari madogo yakakwama, na watu wakalala ndani ya magari. Septemba! Mwezi ambao hapa Lubumbashi tumeshaanza kutokwa jasho. Dereva wetu anayeondoka na shati jepesi anaweza kukutana na barabara nyeupe kabla ya kuiona bahari.

Kwanza tuzitenganishe alama mbili ambazo watu huzichanganya. Herufi M+S, yaani matope na theluji, ni kauli ya mtengenezaji mwenyewe kuhusu umbo la meno ya tairi. Hakuna jaribio linalodaiwa ili ziandikwe. Mlima wenye chembe ya theluji ni habari nyingine: tairi hujaribiwa juu ya theluji na kulinganishwa na tairi la kipimo. Ujerumani ililiona pengo hilo. Tangu tarehe 1 Julai 2020, lori linalotembea huko kwenye barabara yenye theluji au barafu linatakiwa kuwa na matairi yenye alama ya mlima kwenye ekseli zinazovuta na kwenye ekseli ya usukani. Yale ya M+S pekee yaliyotengenezwa hadi mwisho wa 2017 yalivumiliwa mpaka tarehe 30 Septemba 2024, kisha basi. Kwa hiyo, mtu akikuuzia M+S kwa bei ya mlima, kataa.

Tairi linashikaje theluji? Kuna mpira wenyewe na kuna mkato wake. Mpira uliochanganywa kwa ajili ya joto huanza kukakamaa baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi, na mpira uliokakamaa hauzifuati mikunjo midogo ya barabara. Matairi ya lori yana mpira wa asili mwingi kuliko ya gari dogo, na mpira wa asili huvumilia baridi vizuri. Ndiyo maana kwenye lori sehemu kubwa ya tofauti hutokana na mkato. Kwenye kila jino kuna vikato vyembamba kama vya wembe. Jino likipinda chini ya uzito, vikato hufunguka na kingo zake hukwangua. Mifereji mipana nayo hujaa theluji, na theluji iliyoshindiliwa humo hung’ang’ania theluji iliyo chini. Barafu tupu ni jambo jingine. Pale hata tairi jipya kabisa linahitaji minyororo.

Sasa tazama kinachotokea tairi likila kilomita. Vikato vingi havifiki chini ya mfereji. Tairi likifika nusu ya maisha yake, baadhi vimeshafutika, meno yamekuwa mafupi na magumu kupinda, na mifereji inabeba theluji kidogo. Austria, nchi ya milima, hailihesabu tairi la radiali, aina ya kawaida siku hizi, la lori zito kuwa la baridi kama kina cha mifereji yake kimeshuka chini ya milimita 5. Marekani, sheria ya kawaida ya malori inaruhusu matairi yasiyo ya mbele yaendelee hadi milimita 1.6. Pengo kati ya tarakimu hizo mbili ndilo ninalotaka wenye malori waliweke kichwani: ndani yake tairi bado ni halali, bado linavuta, bado linatengeneza pesa, lakini kwa theluji limekwisha. Na mlima bado umechorwa ubavuni.

Huku kwetu adui mkubwa wa tairi ni joto. Jino refu, laini, lenye vikato vingi hucheza sana likibeba uzito, na kila mchezo huo unazaa joto ndani ya mpira. Tairi la kipimo cha 315/80 R22.5 lenye tarakimu za uzito 156/150 limeruhusiwa kubeba kilo 4,000 likiwa peke yake na kilo 3,350 likiwa pacha, yaani mawili yamefungwa pamoja upande mmoja, tena kwa presha iliyoagizwa. Ongeza tani za siri, punguza upepo, endesha mchana wa Oktoba: joto linakusanyika kwenye kingo za mikanda ya chuma iliyo chini ya meno, mpira unaachana na chuma, na ngozi nzima ya tairi inabaki barabarani. Kwenye njia za migodi, changarawe huingia kwenye vile vikato na kuling’oa jino vipande vipande. Mkato uleule unaookoa lori Van Reenen ndio unaolitafuna tairi kati ya shimo la machimbo na kiwanda.

Umri nao unawadanganya hata mafundi wazoefu. Tarakimu nne za mwisho za DOT, namba ya kiwanda iliyochapwa ubavuni, ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3518 ni wiki ya 35 ya mwaka 2018. Hewa na jua huukausha mpira, hata wa tairi lililopangwa tu mbele ya duka. Tatizo ni kwamba mpira uliokauka huisha polepole, basi dereva humsifia mwuzaji: “Hii haiishi!” Haiishi kwa sababu haishiki. Kwenye lami iliyolowa, na zaidi kwenye baridi, litateleza. Bonyeza ukucha kwenye jino. Usipozama hata kidogo, na chini ya mfereji kuna nyufa, usilifunge kwenye lori la safari ndefu.

Halafu presha. Ukijaza bar 8 hapa mchana wa nyuzi 32, kisha ukapima asubuhi mahali penye nyuzi 0 kabla ya kuondoka, utakuta pungufu ya karibu bar 0.9, bila tundu lolote. Dereva anayekwenda kusini kati ya Mei na Septemba apime kila asubuhi tairi likiwa baridi, na aongeze huko huko. Akirudi kwenye joto, apime tena.

Kwangu, lori la Durban katika miezi hiyo hupata matairi ya mlima kwenye difu, yaani ekseli inayovuta, yenye kina zaidi ya nusu ya kile cha upya, pacha wote wa kina kimoja, na mbele pia kama mwenye lori anamudu. Trela haivuti, lakini inasimamisha na inasukuma, kwa hiyo vipara havina ruhusa huko nyuma. Matairi ya difu yakichakaa, nayahamishia lori la Likasi au Kolwezi yamalizie maisha kwenye lami. Kwa lori la mgodini tu, silipii mlima hata kidogo. Nachukua meno mazito yasiyo na vikato vingi.

Na kama tairi limevalishwa mpira upya, mchoro wa ubavuni ni wa ngozi ya zamani iliyokwisha kukwanguliwa. Mwulize mwuzaji ngozi mpya ni ya aina gani, kisha inama uyatazame meno yake mwenyewe.